Kopo la Benki Kuu

Kijiwe chetu hapa Utende ni ubao mmoja tu, uliokuwa kibao cha hoteli iliyofungwa. Ukiinama chini yake utasoma bado neno KARIBU, limegeuka miguu juu. Tumeuegemeza kwenye ukuta wa duka la Umi, na mbele yetu inapita njia ya kushukia kwenye boti za visiwa vya Chole na Juani. Sheria ya hapa ni moja: anayeondoka wa kwanza ndiye atakayesemwa, ndiyo maana watu wanakaa mpaka miguu inakufa ganzi. Mwisho wa ubao, na jiko lake la mkaa, anakaa Shaabani muuza kahawa, ambaye tunamwita Dele kwa sababu dele lake, birika la shaba la kahawa, linang'aa kuliko meno yake. Katikati anakaa Luqmani, jina lake la kijiweni Redio, anayejua habari za dunia nzima isipokuwa zake mwenyewe. Ubavuni mwake ni Gerson, mtu wa Bukoba, anafundisha hesabu za biashara sekondari. Huyu tunamwita Mwalimu, maana kila jina la utani tulilompa alilisahihisha. Mimi nakaa mwanzo wa ubao, mahali ninapoona mikono ya kila mtu. Si kwamba siwaamini hawa wenzangu. Basi tu, siwaamini.

Alasiri ile akaja Mansuri na kopo la maziwa ya unga, kalifunga kwa kitambaa cha kanga, kalikumbatia kama mtu aliyetoka kuchinja kuku wa jirani. Mansuri ndiye Benki Kuu wetu. Miaka na miaka anakusanya sarafu za kale: senti za tundu za Mwingereza, pesa nyekundu zenye picha ya mizani, rupia za Mjerumani. Nyingine watoto huziokota Ras Kisimani mvua ikishapita, nyingine ananunua kwa wavuvi. Kila mtu alikuwa anajua kopo lipo, na kila mtu alikuwa anajua pia kwamba tangu juzi mkewe, Mwanamkuu, amerudi kwao Juani. Kwa hiyo tulimpisha akae, tena tukampisha vizuri sana.

Benki Kuu: Asalaam aleikum.

Dele: Waaleikum salaam. Kahawa?

Benki Kuu: Nipe. Na akili kama zipo, nipeni nazo.

Redio: Sema, baba. Hapa ni kwa wanaume, hakuna neno litakalotoka.

Dele akakohoa. Mimi nikaangalia pembeni. Neno la kijiwe hiki hufika mjini Kilindoni kabla ya pikipiki.

Benki Kuu: Mwanamkuu alivuna mwani msimu mzima. Hela ile ilikuwa ya mabati ya jiko. Akaja mtu wa Jibondo na rupia tatu, nzima, zina simba mgongoni. Mimi nikaona, mabati yanashika kutu, rupia haishiki. Nikanunua.

Mwalimu: Bila kumwambia.

Benki Kuu: Nilimwambia baadaye.

Redio: Baadaye lini?

Benki Kuu: Mvua iliponyesha.

Tukanywa kahawa kidogo, kwa heshima.

Benki Kuu: Sasa wazee wake wananitaka Ijumaa, baada ya sala. Nikawaeleze: hili kopo ni akiba au ni israfu? Wakiona ni akiba, mke wangu anarudi. Wakiona ni israfu, nibaki na kopo langu nipikiane nalo. Nifundisheni la kusema.

Hapo Mwalimu Gerson alivua miwani akaifuta, na sisi tukajua tumekwisha.

Mwalimu: Ni jambo rahisi, ndugu zangu. Uwekezaji ni kitu kinachokuingizia hela. Matumizi ni kitu kinachokutoa hela. Ndugu Mansuri, kopo hili limekuingizia nini tangu ulianze?

Benki Kuu: Ugomvi.

Mwalimu: Basi ni matumizi. Kitu usichokiuza, usichokivaa wala kukila, ni matumizi.

Redio: Na kaburi je? Hulili, huliuzi, hulivai, na kila mtu anawekezwa humo.

Dele: Akiba haiozi, Mwalimu. Wahenga walisema.

Mwalimu: Walisema pia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hizi mbona zinatembezwa kwa kopo?

Redio: Na mtaka cha mvunguni sharti ainame! Benki Kuu, kopo hili ulikuwa unaliweka mvunguni?

Benki Kuu: Mvunguni, ndiyo.

Redio: Unaona? Wahenga walikuwa wanamjua.

Redio akavuta kopo kwake, akafungua kitambaa. Ndani kila sarafu ilikuwa na vazi lake: nyingine imefungwa kwenye kipande cha nguo, nyingine kwenye karatasi, za tundu zimepitishwa nyuzi za rangi rangi. Zote nyeusi, nyeusi ya sufuria ya msibani. Sikujizuia, niliona kinyaa kidogo. Redio akainusa moja.

Redio: Sikilizeni. Kuna rupia na rupia. Ipo rupia inayovuta mchele.

Mwalimu: Bwana Luqmani, tafadhali.

Redio: Inavuta! Ukiiweka karibu na punje, punje inaruka inaganda. Hiyo hainunuliwi kwa hela, inanunuliwa kwa majumba. Wazungu wanazitafuta mpaka kwenye mashine za kushonea za marehemu. Unadhani zile ndege ndogo zinazotua Kilindoni zinaleta watu kuja kuangalia papa potwe? Mtu akate tiketi toka Ulaya kuja kumtazama samaki asiyemla?

Dele: Hata mimi hilo lilikuwa linanisumbua.

Redio akaingia dukani kwa Umi akatoka na mchele kwenye kiganja. Tukaumwaga kwenye ubao, tukaizunguka rupia ya kwanza, pumzi tumezibana. Haikuvuta kitu. Ya pili nayo kimya. Ya tatu aliyeishika ni Redio mwenyewe, na alipoinyanyua, punje mbili zilikuwa zimeganda mgongoni kwa simba.

Redio: Allahu akbar! Msikaribie! Ina mionzi!

Dele: Nionyeshe kidole chako.

Redio: Kidole changu kina nini?

Dele: Kina kashata. Umekula kashata zangu mbili, na sukari yake hiyo hapo inanata.

Redio: Unanituhumu? Kwa mchele wa watu?

Mwalimu: Lakini kidole kinanata kweli.

Redio akakaa chini kanuna, akaanza kumtazama Benki Kuu kwa jicho la pili. Ndivyo alivyo. Nadharia yake ikianguka, lazima amwangukie mtu.

Redio: Sawa. Basi tuulizane la maana. Hizi pesa za mizani umezitoa wapi? Si Kua? Maana mimi najua watu wanaokwenda magofuni Kua kuweka nadhiri, wanaacha marashi, wanaacha na sarafu.

Benki Kuu: Wallahi bilahi sijagusa kitu Kua! Za mzimuni sizitaki wala sizioti. Hizi nimepewa na watu, kwa mikono yao. Kila moja naijua. Hii yenye karatasi ya gazeti ni ya babu yake Iddi. Hii ya kitambaa cheupe ya Kisimani. Hii…

Mwalimu: Na za magofuni serikali ina sheria zake, ndugu Mansuri. Ni mambo ya kale. Unafungwa.

Dele: Kikulacho ki nguoni mwako.

Benki Kuu: Dele, hilo linahusu nini?

Dele: Si unazo mfukoni?

Mwalimu akainua mkono, kama wanafunzi wake wanavyoinua.

Mwalimu: Tuache dhana. Bei ya kitu inasemwa na mnunuzi. Tukipata mnunuzi akataja bei, na bei ikizidi aliyonunulia, Ijumaa ndugu Mansuri atasema: wazee wangu, huu ni uwekezaji, na ushahidi huu hapa. Wakati mnagombana na mchele mimi nilikuwa natafuta mtandaoni. Yuko bwana mmoja Dar es Salaam, ananunua sarafu za kale. Nimeshamwandikia, na amejibu.

Mara hii hata mimi niliweka kikombe chini. Mtu wa Bukoba, mshahara wa serikali, tangu lini anajuana na wanunuzi wa rupia? Na mbona alikuwa kimya muda wote ule?

Redio: Amejibu haraka hivyo? Kwani ulikuwa unaongea naye toka jana?

Mwalimu: Ni simu, bwana Luqmani. Inafanya kazi hata kwa mgeni.

Dele: Anasemaje?

Mwalimu akasoma: "Salaam. Naweza kuchukua zote. Tuma picha, kila upande, kama zilivyo."

Benki Kuu akanyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena. Uso wake ulikuwa umefunguka mpaka nikamwonea huruma.

Benki Kuu: Zote? Amesema zote? Basi mke wangu karudi!

Redio: Kaa chini. Rudia hapo mwisho, Mwalimu.

Mwalimu: "Kama zilivyo."

Redio: Kwa nini kama zilivyo?

Mwalimu: Maana yake zisibadilishwe.

Redio: Ndiyo, kwa nini? Mtu mwema akitaka kuona mchumba, anaambiwa subiri ajipambe. Huyu anasema nimwone alivyoamka. Kwa nini? Ili amwone mbaya, atoe mahari kidogo! Anataka picha ya uchafu aseme: aa, chafu hizi, nakupa ya chumvi. Jamani, mjini wanatuona sisi wa visiwani majuha.

Tukatazamana kama watu walioona mwanga. Nakiri lile neno lilituingia sote. Hata Mwalimu alikuna kidevu akasema kwamba katika biashara kuna kitu kinaitwa muonekano wa bidhaa.

Dele: Mimi dele hili nalisugua kila alfajiri, ndimu na majivu. Siku nisiposugua watu wanakunywa nusu kikombe wanaaga. Kahawa ni ileile.

Redio: Ndimu unazo?

Dele: Zipo.

Redio: Majivu?

Dele: Jiko si hili hapa?

Benki Kuu: Lakini amesema…

Redio: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Na hizi pesa zako zimekaa na nguo tangu Mjerumani. Zivue tuzioshe!

Benki Kuu: Penye wengi hapaharibiki neno, siyo?

Mwalimu: Kitakwimu, hapana.

Basi kazi ikaanza. Redio, huyohuyo aliyekula kashata mbili na hajasema lolote kuhusu kuzilipia, ndiye aliyetangaza ulinzi. Mikono yote juu ya ubao. Mikono ya nguo ikunjwe mpaka kwenye kiwiko. Asitoke mtu kwenda haja wala kupokea simu. Mwalimu alisema ule ni udhalilishaji, akaambiwa anayekataa kukunja ana sababu. Akakunja. Benki Kuu mwenyewe ndiye aliyevua vitambaa na kukata nyuzi, kwa haraka ya mtu anayeona mkewe anashuka kwenye boti, na taka zile, karatasi, vitambaa na nyuzi, Dele akazikusanya akazitia jikoni ili maji yachemke. Sisi tukasugua, huku kila mmoja akimtazama mwenzake vidole kuliko anavyotazama sarafu. Nilimwona Redio akimtazama Mwalimu, Mwalimu akimtazama Dele, na Dele akinitazama mimi, jambo lililoniudhi sana. Majivu yaliingia kwenye kila kucha. Ndimu ikatafuna michubuko yetu, maana nani hapa hana mchubuko wa mshipi wa kuvulia au wa kisu?

Na zikang'aa, haki ya Mungu. Zilizokuwa nyeusi zikatoka nyekundu, nyororo, rupia zikatoka nyeupe, na senti zote zinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Tulizipanga ubaoni, jua likazipiga, na Umi akatoka dukani kuchungulia nani analeta dhahabu. Tulifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu nikijue kijiwe hiki nilikaa na watu wanne wanaocheka pamoja bila mmoja kuwa ndiye anayechekwa.

Mwalimu akapiga picha, akatuma. Tukasubiri. Simu ikalia.

Mwalimu: Anauliza: "Mmezisafisha?"

Redio: Unaona! Ameshtuka. Mwambie ndivyo zilivyo.

Mwalimu: Siwezi kusema uongo kwa maandishi.

Akaandika ndiyo. Jibu lilichelewa, lakini lilikuja. Mwalimu alilisoma kimoyomoyo kwanza, jambo ambalo hapa kijiweni ni kosa, na Redio akampokonya simu akasoma kwa sauti: "Poleni sana. Sarafu ya kale ikisuguliwa hivyo haina tena mnunuzi. Mimi nimejitoa. Siku njema."

Dele: Hilo ni jibu au ni matusi?

Redio: Ni ujanja wa bei! Anajitoa ili tumfuate.

Mwalimu alirudishiwa simu, akawa anasoma na kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo shingo ilivyoingia kwenye mabega.

Mwalimu: Siyo ujanja. Hapa wameandika vivyo hivyo. Na hapa. Ule weusi ndio wanaoulipia, ndugu zangu. Unachukua miaka kuja, na sisi tumeutoa kwa ndimu.

Redio: Wewe ulisema muonekano wa bidhaa!

Mwalimu: Nilisema upo. Sikusema mkasugue.

Redio: Basi ni Dele. Ndimu zilitoka kwake. Kwani muuza kahawa anatembea na ndimu za nini?

Dele: Mimi nilisema ninazo. Aliyeuliza kama ninazo ni nani?

Redio: Nilikuwa nauliza tu! Mtu haulizi?

Wakageuka kunitazama mimi. Nikawaambia nilisugua chache, tena kwa upole. Walinitazama hivyo hivyo.

Mwenye mali peke yake ndiye hakumtuhumu mtu. Alikuwa ameinama, anazirudisha moja moja kwenye kopo, na kila moja ikigonga bati tunaisikia.

Benki Kuu: Nitasema nini Ijumaa?

Redio: Utasema ni uwekezaji. Tena sasa ndio umekuwa uwekezaji kabisa, kwa sababu hata ukitaka kuuza huwezi. Kitu kisichouzika hakipotei.

Benki Kuu: Luqmani.

Redio: Naam.

Benki Kuu: Nyamaza, ndugu yangu.

Ndipo tukasikia salamu ya kike nyuma yetu. Wanawake hawaji kijiweni hapa. Mwenye shida na mtu humtuma Umi. Tukageuka wote kwa pamoja. Alikuwa Mwanamkuu, kanga imelowa chini kwa kushuka kwenye boti, ana haraka, na usoni mwake hamna ugomvi hata kidogo. Jambo hilo lilinitia wasiwasi kuliko ugomvi.

Mwanamkuu: Asalaam aleikum, kaka zangu.

Dele: Waaleikum salaam, shemeji. Karibu.

Mwanamkuu: Sikai. Baba Safia, boti inanisubiri, maji yanatoka. Mtoto wa dada yangu leo ananyolewa, nimekuja kuichukua senti ya mama.

Benki Kuu alikuwa ameweka mkono juu ya kopo.

Mwanamkuu: Sijaja kwa maneno. Watu wenyewe hawa wasikie tu, si watatangaza hata hivyo. Kwetu, kaka zangu, kila mtoto anayezaliwa akishanyolewa anafungwa mkononi senti ileile moja ya tundu, mama aliyoachiwa na bibi, mpaka atakapotembea. Nilifungwa mimi, na binti yetu Safia naye akafungwa. Siku niliyoolewa nikampa huyu anitunzie, akaanzia kopo lake hapo. Jana wazee waliponiuliza kama mume wangu ana akili nikawaambia, akili sijui, lakini senti ya mama ninajua anayo. Mtu asiyetupa senti moja ya watu, miaka yote hiyo, nitamshtakije? Nimewaambia Ijumaa wasihangaike. Nikishaifikisha, kesho narudi nyumbani, tutaangalia hayo mabati.

Redio alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu, akaufunga.

Mwanamkuu: Nipe basi, Baba Safia. Ile nyeusi, ya uzi wa buluu.

Benki Kuu akanyanyua mkono kutoka kwenye kopo. Mwanamkuu akachungulia, akacheka kidogo, akasema kumbe mmezipendezesha, na akachuchumaa akaanza kuzipekua kwa kidole. Alitoa senti moja ya tundu, akaigeuza, akairudisha. Akatoa nyingine. Zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa safi sana. Akazimwaga ubaoni, akazitandaza, na kile kicheko kikawa kinamtoka usoni kidogo kidogo. Huko chini mwenye boti akaita jina lake.

Mwanamkuu: Ya mama ni ipi?

Mwalimu akashika simu yake na hakuiwasha. Dele akatazama jiko lake, palipoungulia nyuzi. Benki Kuu aliokota moja, akaileta karibu na macho, akaiweka, akaokota ya pili, na mimi niliyekaa mahali ninapoona mikono ya kila mtu sikuwa nimeona kitu.

Mwanamkuu: Baba Safia. Ya mama ni ipi?